Shikamoo kwa Mtani

Ruhembe,
12 Machi 1995

Mkaguru wa milimani, mnyapara wangu Nikolaus,

Bado uko hai? Nimesikia mvua za huko Kilosa zimekuwa kubwa na mto Mkondoa umefurika mpaka sokoni. Nikasema afadhali, mwaka huu Wakaguru wataoga. Shikamoo hupati. Najua umenizidi miaka sita, lakini lini Mnyamwezi alimwamkia Mkaguru? Babu zangu walipita kwenu na pembe za ndovu mabegani, babu zako wakawa wanachungulia vichakani. Salamu zangu zote ni za shemeji Vaileth, maskini, anayekuvumilia.

Mimi nakata miwa. Shamba likishachomwa tunaingia na mapanga, tukitoka hakuna anayemjua mwenzake kwa masizi. Miaka kumi na tisa nimeshika mtaimbo wa reli, nikidhani mikono yangu imeshakuwa migumu. Miwa imenionyesha kuwa bado.

Sasa tuweke utani kando kidogo. Novemba ile mabehewa mawili ya sukari yalipolala pale kona ya mkwaju, baraza la uchunguzi liliandika kuwa mimi, kiongozi wa mitaimbo, niliisogeza reli kupita kiasi. Wenzetu waliopunguzwa kazi mwaka huu wameagwa kwa barua nzuri, eti shirika linapunguza watu, hawana kosa. Yangu imeandikwa UZEMBE. Nikipiga hodi mahali wanataka barua ya kazi ya mwisho. Wakiisoma wananirudishia kwa vidole viwili, kana kwamba imetoka chooni. Mama mkwe sasa ananiita Mwangusha Treni. Na chai yake anakunywa kwa sukari ileile iliyookotwa kwenye kokoto!

Bwana Mathayo, mkaguzi wa njia, ameniambia rufaa zinapokelewa mpaka tarehe 31 Julai, ila lazima ziambatane na barua ya mnyapara. Mnyapara ni wewe. Sikuombi unitungie uongo. Andika tu kwamba ulilala juu ya reli ukapima kwa jicho kama kawaida yako, ukaniamuru nisogeze vidole vinne, na mimi nikasogeza vidole vinne. Basi.

Mtani wako, mwenye nchi hii tangu zamani za misafara,
Nassir Mrisho


Kilosa,
29 Machi 1995

Wewe mbeba mizigo Nassir,

Barua yako imefika, inanuka masizi. Nyie watu hamwezi kukaa bila mzigo. Mlibeba pembe, mkabeba mataruma ya reli, sasa mnabeba miwa. Mungu akiwaumba tena atawaumba na kata kichwani.

Sisi hatujambo. Shemeji yako anajenga jiko jipya la matofali. Genge letu tulikuwa kumi na wanne, sasa tumebaki sita, na kipande cha njia ni kilekile. Vumbi la kokoto limenisumbua macho kidogo, nimenunua miwani myeusi kwenye mitumba. Ukiniona utadhani ni mkurugenzi kutoka Dar.

Kuhusu barua ya rufaa, usiwe na haraka. Bwana Mathayo yuko safarini, na barua kama hiyo haiandikwi ovyoovyo, inataka maneno yake. Julai bado ni mbali. Nitaiandika.

Wasalimie mama Imani na mama mkwe.

Mtani wako,
Nikolaus


Ruhembe,
17 Aprili 1995

Mkurugenzi wa mitumba,

Nimesoma barua yako huku nimeinamisha shingo. Karatasi ina mistari, lakini maandishi yako yanapanda na kushuka kama mbuzi wa Mamboya. Umeanza kunywa gongo asubuhi? Filipo wa genge lenu alishuka hapa wiki iliyopita, akanieleza kwamba vijana wanakuita Macho ya Bundi. Ati yametoka na kuwa mekundu, na wanasema mnyapara sasa anavuta bangi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia, Filipo mwanangu, Mkaguru hahitaji bangi, amezaliwa hivyo hivyo.

Lakini barua ya rufaa sijaiona. Nikueleze kilichonipata Mikumi ili ujue kwa nini nakusumbua. Kuna nyumba mpya ya wageni imefunguliwa kando ya barabara kuu, mwenyewe ni mfanyabiashara kutoka Morogoro. Anatafuta mlinzi wa mchana. Nikavaa shati langu la Idi, nikaenda. Akanipenda, akaniuliza habari za reli, tukacheka. Kisha akaomba barua. Akasoma, akanitazama tena, akaita mtu mwingine aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni. Yule mtu alikuwa jirani yangu. Tulirudi pamoja kwa miguu mpaka njia panda na hakusema neno, wala mimi. Sijawahi kuona haya kama siku ile, Nikolaus, na sikuwa nimefanya lolote.

Kwa hiyo iandike, hata kama itapanda na kushuka. Watasoma.

Nassir


Kilosa,
7 Mei 1995

Mnyamwezi usiye na mzigo,

Nimeanza barua hii mara tano. Nikianza bila kukutukana kalamu inakataa, kwa hiyo nimekutukana, sasa sikiliza.

Reli ya kona ya mkwaju ilikuwa imenyooka. Asubuhi ile nilipiga magoti, nikalaza shavu kwenye chuma, nikafumba jicho la kushoto na kupima kwa la kulia kama nilivyofundishwa nikiwa kijana. Nikaona reli imetoa tumbo upande wa mto. Nikakuamuru usogeze vidole vinne. Ukaniuliza, "Mnyapara, mbona mimi naiona sawa?" Nikakujibu kwamba siku utakayokuwa mnyapara utaona unachotaka. Ukauliza tena. Nikakugombeza mbele ya vijana. Ukasogeza. Tuliipinda reli iliyokuwa nzima, na jioni ile sukari ikalala.

Na si hilo tu. Barazani waliniuliza niliagiza vidole vingapi. Nikasema viwili.

Wewe ulikuwa nje umekaa kwenye benchi, hukusikia. Nilipotoka ukaniuliza mambo yamekwendaje, nikakwambia yamekwenda vizuri.

Haya basi, nimesema. Ukikasirika njoo uchukue jogoo wangu mwekundu, yule unayemtamani tangu zamani.

Nikolaus


Ruhembe,
19 Mei 1995

Mkaguru wewe, utaniua!

Nimeisoma barua yako mbele ya wakata miwa wenzangu wakati wa chakula, na tumecheka mpaka nyapara wa shamba akaja kuuliza kuna nini. "Nikasema viwili!" Hapo ndipo mzee mmoja alimwaga uji wake. Wao hawakujui, nikawaeleza kwamba huyu ndiye mtani wangu aliyekuja kwenye msiba wa marehemu baba, akaruka ndani ya kaburi, akalala chali na kusema yeye ndiye aliyemroga mzee na hatoki mpaka apewe mbuzi. Maiti iko juu inasubiri, yeye yuko chini anakiri! Mama yangu aliyekuwa analia akacheka. Sitasahau wema ule mpaka nife.

Kwa hiyo nimekujua, hunipati. Jogoo nitamchukua, hilo nimekubali, hata bila kukasirika.

Lakini sasa acha mchezo. Imebaki miezi ya Juni na Julai. Hiyo barua ya ofisini usiiandike kwa utani, maana wale hawana mtani, wataamini.

Mtani wako anayelia kwa kicheko,
Nassir


Kilosa,
28 Mei 1995

Shemeji Nassir,

Salamu nyingi. Utashangaa kuona mwandiko wangu, maana tangu nimeolewa sijakuandikia. Mume wangu hajui kuwa nimeandika.

Nimeiona barua yako ya kicheko. Aliisoma amekaa kwenye ngazi ya mlango na hakucheka. Aliikunja, akaiweka chini ya godoro, akasema, "Mungu amenisaidia, hajaamini." Halafu akajifunika shuka mchana kweupe. Ndipo nikaitoa nikaisoma, pamoja na zile karatasi za barua yake aliyoianza mara tano akaziacha, na kwa mara ya kwanza nikajua yaliyotokea kwenye ile kona. Shemeji, ile barua yake haikuwa utani.

Naomba nikueleze hali yake, maana amekuficha. Macho yake yametoka nje. Akilala hayafungi, yanabaki wazi kidogo na weupe unaonekana, nami huwa namwekea kitambaa chenye maji. Shingoni pamevimba mbele. Anakula sahani mbili, lakini suruali inamvuka, ameongeza matundu mawili kwenye mkanda. Mikono inatetemeka. Watu wakasema bangi, na yeye akaona afadhali waseme bangi kuliko wajue haoni. Anaogopa ile orodha ya kupunguza watu. Anasema mnyapara asiye na jicho ni wa kwanza kuandikwa.

Jiko langu fundi Stefano amelijenga mara tatu. Ukuta ukifika kiunoni mume wangu anakuja, anautazama, anasema umepinda, bomoa. Mara ya tatu Stefano akavuta kamba toka pembe hadi pembe mpaka ikalia. Mume wangu akasema hata kamba imepinda. Stefano alikusanya vifaa vyake akaondoka bila kuniaga. Kamba iliyovutwa ikionekana imepinda, shemeji, tatizo si kamba.

Na bado kila asubuhi anakwenda kulaza shavu kwenye reli. Vijana wanaogopa kumkatalia kwa sababu wanakumbuka ulivyogombezwa. Treni ya Jumamosi inabeba watu.

Mimi ni mke wake. Nikisema naambiwa nina mdomo mrefu. Mchungaji alikuja akamwombea, naye akasema asante tu. Lakini mtani ana ruhusa ambayo sisi wengine hatuna. Mwambie wewe. Mtukane mpaka aende hospitali. Najua nakuomba umsaidie mtu aliyekuharibia jina, na ninaona aibu kuandika hivi.

Shemeji yako,
Vaileth


Ruhembe,
6 Juni 1995

Shikamoo Mnyapara Nikolaus.

Natumaini u mzima.

Barua yako ya tarehe 7 Mei nimeirudia na nimeielewa. Niliwasomea watu, wakacheka. Nimewafuata mmoja mmoja kuwaambia kwamba haikuwa utani, na wengine wameendelea kucheka.

Nilikuuliza mara mbili asubuhi ile. Ungeniambia huoni vizuri ningekushikia hiyo reli mwaka mzima na mtu asijue. Ningelaza shavu langu mimi, wewe ukatoa amri.

Binti yangu Imani anasoma hapo Kilosa na anakaa kwa dada yangu. Kila mwisho wa mwezi anarudi nyumbani kwa treni ya Jumamosi. Naomba ufike kwa Bwana Mathayo kabla ya Jumamosi ya tarehe 24 na umweleze habari za macho yako. Usipokwenda, nitakwenda mimi.

Jogoo simtaki.

Wako mtiifu,
Nassir Mrisho
(aliyekuwa kiongozi wa mitaimbo)


Kilosa,
19 Julai 1995

Nassir,

Shikamoo yako sikuiitikia. Nilifungua bahasha mbele ya Vaileth, nikasoma neno lile la kwanza, nikashindwa kutamka marahaba. Miaka kumi na tisa umenitukana mimi na ukoo wangu na nikalala usingizi. Neno moja la heshima limeninyima usingizi wiki nzima.

Siku ileile nilikwenda kwa Bwana Mathayo. Nilivua miwani ofisini kwake, naye akarudisha kiti nyuma. Nikamwambia sioni mstari ulionyooka na kwamba vipande vyote nilivyovipima tangu Oktoba vipimwe upya. Alipanda toroli kesho yake pamoja na Filipo na kamba. Wamekuta mahali pawili nilipoharibu, si pakubwa, wamerekebisha. Imani alisafiri salama tarehe 24. Nilisimama mbali nikaiona treni inapita, sikuthubutu kusogea karibu na madirisha.

Kisha Vaileth akanipeleka hospitali ya Berega. Daktari alinishika shingo kabla hata sijakaa vizuri, akasema macho haya ugonjwa wake umeanzia hapa, kwenye tezi. Akaniandikia kwenda kwa daktari wa macho Dar es Salaam. Huko nilitiwa dawa ya matone, mwanga ukawa mkali hata sakafu inang'aa, akanichungulia ndani ya jicho kwa taa yake muda mrefu. Halafu akanipa karatasi yenye mirabamiraba kama daftari la hesabu, nifumbe jicho la kushoto niseme naona nini. Mistari ilikuwa inacheza, imejikunja katikati. Nikamwambia imenyooka. Nassir, nilikwenda kutibiwa na bado nikadanganya! Nilijua mistari ya karatasi lazima iwe imenyooka, nikajibu hivyo. Yule daktari, dada mdogo tu, akasema, "Baba, usiniambie unachojua. Niambie unachokiona." Nikamwambia imepinda. Machozi yakatoka, akadhani ni ile dawa.

Akanieleza taratibu. Tezi ikiharibika, damu inaishambulia nyama iliyo nyuma ya macho, nyama inavimba, na kwa kuwa mfupa hauna nafasi, jicho linasukumwa mbele. Ndiyo maana yametoka. Lakini kwa wachache, kama mimi, ile nyama inaligandamiza jicho kwa nyuma. Sakafu ya jicho imetandikwa ngozi mbili nyembamba. Ya juu inaitwa retina, ndiyo inayopokea picha. Chini yake iko nyingine imejaa mishipa ya damu inayoilisha. Jicho likigandamizwa, zile ngozi zinajikunja kama shuka mtu akikalia ukingo wa kitanda. Picha ikiangukia kwenye mikunjo nayo inajikunja. Jicho langu la kulia lina mikunjo minne, ameichora kwenye karatasi. La kushoto bado zima. Nimepewa vidonge vya tezi na vingine vya kupunguza uvimbe, na sigara nimekatazwa kabisa, kwa sababu zinauchochea ugonjwa huu. Mikunjo inaweza kunyooka, inaweza kubaki. Hajaniahidi.

Sasa nitakuambia jambo ambalo lingenipita kama ningekuwa mtu wa kujipenda zaidi. Nilipotoka pale nilifurahi. Kwenye basi njia nzima nilikuwa naandika kichwani barua ya kwenda ofisini: si Nassir, si mimi, ni ugonjwa, hiki hapa cheti. Tulipofika Morogoro nilikuwa nimeshaimaliza, na nilijiona mtu mwema. Nikamsomea Vaileth. Tulipokaribia kushuka akanigeukia. Akasema, "Na barazani, ni jicho lililosema viwili?"

Ile barua ya kichwani nikaifuta. Nakueleza na hili lililobaki, ambalo hata kwenye ile barua ya Mei nilikuficha. Asubuhi iliyofuata ajali, kabla ya baraza, nilirudi kona ya mkwaju peke yangu. Nikapima kwa jicho la kulia, nikaona kombo. Nikajaribu la kushoto kwa mara ya kwanza. Nikaiona reli yote jinsi ilivyokuwa, na nikaona tulivyoiharibu. Lakini kazini nikaendelea na la kulia, maana kubadili jicho mbele ya vijana kungekuwa kukiri. Kwa hiyo nilijua, Nassir. Nilikwenda barazani nikijua. Mdomo wangu haukuwa na ugonjwa wowote.

Na jogoo nilimwandika makusudi. Nilikuwa nimeshasema kweli nikaogopa, nikatoboa tundu la kutokea. Nikasema moyoni, akicheka, basi nimekiri na hajakasirika, nitapata vyote viwili. Ulipocheka nilimshukuru Mungu. Nimekaa na shukrani ile miezi miwili na siwezi kuitazama.

Nimeandika ofisini, nimepeleka mwenyewe jana kwa mkono na Bwana Mathayo amegonga muhuri wa kupokea. Nakunakilia:

"Mimi Nikolaus, mnyapara wa genge, natamka kwamba tarehe 8 Novemba 1994 niliagiza reli isogezwe vidole vinne. Nassir Mrisho alinionya mara mbili kuwa reli imenyooka, nikamkemea. Alitekeleza amri yangu kama ilivyo. Barazani nilisema niliagiza vidole viwili. Huo ulikuwa uongo, na niliusema nikijua kuwa ni uongo. Cheti cha daktari nakiambatisha kueleza macho yangu tu. Hakielezi uongo wangu."

Vaileth ndiye aliyeshika rula nikaandika juu yake, ndiyo maana safari hii mistari imetulia. Nimerudisha mtaimbo, filimbi na bendera nyekundu. Mjini wameshajua. Nikipita sokoni wanaacha kuongea. Zamani waliponiita Macho ya Bundi walinong'ona, sasa wananyamaza, na ningependa wanong'one.

Sikuombi kitu. Sitaki hata unijibu kama hupendi.

Nikolaus


Ruhembe,
3 Septemba 1995

Macho ya Bundi, mzee wa mikunjo minne,

Umeona? Nimekutukana kabla hujakaa. Nilikuwa nimeapa sitakuandikia tena, nikakaa Agosti yote, lakini nilikosa mtu wa kumtukana. Niliwajaribu Wapogoro wa hapa, hawana ladha.

Barua kutoka ofisini imekuja. Neno UZEMBE limefutwa. Kazi hairudi, na hilo usijilaumu zaidi ya kiasi chako, maana nasikia genge zima linavunjwa mwezi ujao, hata ningekuwepo ningeondoka na wenzangu. Ila nimeagwa kama wao. Imeandikwa kwamba Nassir Mrisho alifanya kazi kwa bidii na uaminifu kwa miaka kumi na tisa. Mama mkwe hajui kusoma, akanitaka nimsomee. Nikasoma. Akasema rudia hapo kwenye uaminifu. Nikarudia mara tatu. Halafu akamwita jirani, yule wa foleni ya Mikumi, nikasoma tena mbele yake. Aliposikia akaniomba radhi kwa kunyamaza siku ile njiani. Usiku wala mchana sijawahi kuona karatasi iliyonipumzisha hivyo. Yule mwenye nyumba ya wageni amenichukua, naanza wiki ijayo.

Sasa na wewe nikueleze ukweli, maana umeniambia wako wote hata ule niliokuwa siuhitaji. Sijakusamehe yote. Ule ugonjwa nimekusamehe siku ileile niliyosoma barua ya shemeji. Vidole viwili nimevisamehe nusu. Ile asubuhi uliyorudi kona ya mkwaju ukapima kwa jicho zima, halafu ukanikuta kwenye benchi ukaniambia mambo yamekwenda vizuri, hiyo bado iko hapa kifuani. Huenda ikaondoka, huenda ikabaki. Na mimi sikuahidi, kama daktari wako.

Lakini kuna jambo limenikera zaidi ya hayo. Mwezi wa Juni nilikuamkia. Mimi, mjukuu wa watu wa misafara, nilimwandikia Mkaguru shikamoo kwa mkono wangu mwenyewe, na nasikia umeitunza chini ya godoro. Marehemu baba akijua atafufuka, na safari hii hutapata kaburi la kulalia.

Nakuja na treni ya Jumamosi ijayo pamoja na Imani. Jogoo mwekundu nimebadili mawazo, namtaka, mfunge miguu. Usije stesheni na ile miwani ya mkurugenzi. Kama watu wananyamaza, nitakucheka mimi kwa sauti pale jukwaani mpaka wapate ruhusa, na nataka kukucheka machoni, yalivyo.

Na ile shikamoo uje nayo. Naitaka irudi.

Nassir